Kabla Hujamwita Fundi Rangi

Gari la zamani likianza kupauka hapa kusini mwa Tanzania, ushauri wa kwanza anaopewa mwenyewe ni kulipaka rangi upya. Injini ikichafuka kwa oili anapewa wa pili: ioshwe kwa petroli mpaka ing'ae. Ushauri wote wawili umeharibu magari mengi yaliyokuwa na maisha marefu mbele yake. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa boneti imegeuka chaki, kwa kawaida ni bora kuliko rangi mpya inayopigwa uani, na sababu yake si siri.

Kiwandani bodi tupu huzamishwa kwenye praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika bati, inayovutwa na umeme, ikaingia hadi kwenye mikunjo ya ndani ya milango na chini ya boneti ambako mkono wa fundi haufiki. Kisha rangi ya juu huokwa kwa joto la takribani nyuzi 140. Gari lililokwisha kuungwa haliwezi kurudishwa kwenye joto hilo, kwa kuwa lina plastiki, waya na mipira. Kwa hiyo gereji hufanya inachoweza: inapiga msasa, mara nyingi hadi bati, inapaka praima, inasubiri ikauke. Sasa fikiria bati tupu lililolala usiku mmoja karibu na bahari, Shangani ya Mtwara, Mikindani au Lindi mjini. Hewa ya bahari inaleta chumvi, umande unaleta maji, na kutu imeshaanza kabla jicho halijaiona. Praima ikipigwa juu yake, baada ya miezi kadhaa rangi inafura malengelenge. Kompresa isiyo na chujio la maji inaongeza ya kwake, kwa sababu matone yanatoka pamoja na rangi na kufungiwa humo humo.

Ndiyo maana inafaa kuhangaika na kilichopo. Chini ya chaki ile mara nyingi kuna rangi nzima, na chini ya tope jeusi la injini kuna injini ambayo haijaonekana vizuri kwa miaka.

Kazi ina msimu wake. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili hivi, kwa hiyo miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo ya kufanyia. Fanya asubuhi umande ukishakauka, uache ikifika saa nne, au anza tena saa kumi alasiri. Kivuli kiwe cha ukuta au banda. Mkorosho na mwembe vina kivuli kizuri, lakini vinadondosha utomvu unaoganda juu ya rangi, na msimu wa mabibo ukifika boneti itachorwa madoa kabla hujamaliza.

Anza na injini, kwa sababu uchafu wake lazima utarukia madigadi na bampa. Usitangulize kung'arisha bodi halafu ukairushia oili.

Ila kabla ya kuosha, tazama. Piga picha kwa simu, pande zote, hata kwa chini. Uchafu wa injini unaonyesha palipovuja, na ukishauosha habari hiyo imepotea. Oili mbichi inayoteremka kutoka ukingo wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ni gasketi iliyokauka. Oili iliyokusanyika pale injini inapoungana na gia boksi huenda ni sili ya nyuma, na hiyo ni kazi kubwa. Ukoko wa kijani, mwekundu au mweupe kwenye shingo ya hozi au chini ya pampu ya maji ni kulanti inayovuja kidogo kidogo na kukauka. Na ukikuta rangi imebabuka chini ya silinda kuu ya breki, pale kwenye kikopo cha hidroliki, usiihesabu kuwa ni kutu ya kawaida: hidroliki ya breki huyeyusha rangi, na ikiwa imetoka pale basi breki zenyewe zinataka fundi kwanza.

Zima gari usubiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya tapeti kava na kukiacha hapo bila kuungua. Eneo la ekzosi linachelewa kupoa kuliko sehemu nyingine, lipe muda zaidi. Maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua, na sabuni ikikauka ghafla inaacha michirizi myeupe kwenye alumini isiyotoka kirahisi.

Toa betri. Kwa Toyota nyingi spana namba 10 inatosha. Legeza hasi kwanza, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche kubwa. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali unaondoka kwa magadi, yale yale ya kupikia maharage: kijiko kimoja kikubwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, paka kwa mswaki, acha yatoe povu, suuza. Vizibo vya betri viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yataua tindikali ya betri pia. Osha na kitako cha betri, kwani bati lililo chini yake ndilo huoza kimyakimya.

Kisha funika. Altaneta, distribyuta au koili, boksi la fyuzi, kontrol boksi (kompyuta ya injini) kama iko upande wa injini, na mdomo wa ea klina. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, nunua nailoni ya kukata kwa mita, kata vipande, funga kwa mpira wa baiskeli uliochanwa. Hesabu vipande ulivyofunga, uvihesabu tena wakati wa kutoa. Kipande kimoja kilichosahaulika karibu na feni au ekzosi ni hasara.

Sasa suala la petroli. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi kuliko yoyote tuliyoizoea, ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ya gari ukisubiri cheche. Hakuna usafi wa injini unaostahili hatari hiyo. Dizeli na mafuta ya taa haviwaki kirahisi kiasi hicho, lakini hozi za rejeta zimetengenezwa kwa mpira usiopatana na mafuta. Zinafura, zinalainika, halafu zinapasuka njiani. Mikanda nayo inaanza kuteleza na kulia. Kuna waosha magari ambao wakimaliza hunyunyiza dizeli ili injini ing'ae machoni pa mteja. Wakatalie kabisa. Mng'aro ule ni wa siku mbili, kisha vumbi lote la barabarani linaganda juu yake. Magadi makali ya kostiki nayo yaache: yanakula alumini, na tapeti kava, ganda la altaneta na rejeta za magari mengi ni alumini.

Kinachohitajika ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vikubwa kwa lita tano za maji ya uvuguvugu, kwa uchafu wa kawaida. Kwa tope gumu tumia dawa ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, na kwa mafuta mepesi moja kwa kumi. Tope lililojenga ukuta lisimwagiwe dawa moja kwa moja. Likwangue kwanza kwa kijiti cha mti, maana bisibisi itakata waya au kuchimba alumini. Halafu paka dawa kuanzia chini kwenda juu, sehemu ndogo ndogo, subiri dakika tano, sugua, suuza kuanzia juu kwenda chini. Isikauke hata kidogo. Brashi nzuri kuliko zote ni ya kupakia rangi, ukiikata nywele zibaki kama sentimita tatu: inakuwa ngumu ya kutosha kutoa grisi na laini ya kutosha kupita kati ya waya. Pembeni uwe na mswaki wa zamani.

Maji ya kusuuzia yawe kidogo na yasiyo na nguvu. Bomba la mgongoni la lita 16, linalouzwa maduka ya pembejeo, linafanya kazi hii vizuri kuliko mashine ya presha, mradi liwe jipya au halijawahi kubeba dawa ya mimea. Mashine ya presha inasukuma maji kupita sili za soketi za waya, na maji yakishaingia humo hayatoki. Ukilazimika kuitumia, kaa mbali zaidi ya mita moja na usilenge umeme. Rejeta isuuzwe kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili mchanga na mbegu za majani zirudi zilikotoka, na kwa maji laini tu, maana mapezi yake yanapinda kwa kidole.

Chanzo cha maji nacho kina maana. Visima vingi karibu na ufuo vina chumvi. Mwaga maji hayo kwenye kioo cha gari yakauke. Yakiacha ukungu mweupe, usisuuzie injini wala bodi, tafuta ya bomba au ya mvua iliyohifadhiwa. La sivyo utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Kuosha ni sehemu rahisi. Kukausha ndiko kunakoamua kama gari litawaka. Futa kwa vitambaa vya pamba, toa nailoni zote, puliza kwa kompresa au blawa kila soketi, kila kona. Mahali pa kuangalia kwa makini zaidi ni visima vya plagi. Injini kama 5A-FE ya Corolla AE100 ina plagi zilizozama katikati ya tapeti kava, na kisima kimoja kinaweza kubeba maji bila wewe kuyaona. Shika kofia ya plagi yenyewe, siyo waya, zungusha kidogo, vuta. Kama kuna maji, yapulize yote yatoke kabla ya kugusa plagi, kwa sababu ukifungua plagi huku kisima kina maji na mchanga, vyote vinaingia kwenye silinda. Kwenye distribyuta fungua kofia, futa ndani kwa kitambaa kikavu, kagua kama kuna mstari mweusi mwembamba unaotoka kituo kimoja kwenda kingine. Huo ni umeme uliojitengenezea njia, na kofia ya namna hiyo hata ikikauka itaendelea kusumbua.

Acha boneti wazi juani angalau nusu saa. Rudisha betri, chanya kwanza, hasi mwisho, kisha paka vaselini juu ya terminali baada ya kukaza. Washa, iache iungurume dakika kumi hadi kumi na tano. Ikitetema na kukosa moto silinda moja, zima urudi kwenye visima vya plagi. Usiendelee kuilazimisha ukitumaini itajikausha. Mafuta yasiyoungua yanakwenda kwenye ekzosi.

Hozi na plastiki zinaweza kupakwa losheni ya silikoni ya maji kidogo, lakini mkanda wa feni usiguswe nayo. Baada ya siku mbili tatu za kuendesha, fungua tena boneti ukiwa na tochi. Oili itakayoonekana sasa inaonyesha inakotoka hasa, na mara nyingi gasketi ya tapeti kava inamaliza lile tatizo ambalo mwenye gari aliambiwa ni la injini nzima.

Kuna jambo jingine linalojitokeza injini ikiwa safi. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani, ukutani nyuma ya injini kuna kibati chenye namba ya modeli, injini, fremu na rangi. Lisafishe kwa kitambaa tu, usilikwangue. Namba ya rangi iliyopo hapo, kwa mfano 040 kwa ile nyeupe iliyo kwenye Corolla na Hilux zisizohesabika, ndiyo utakayoihitaji siku ya kuchanganya rangi ya kuzibia mkwaruzo.

Sasa tuingie kwenye bodi. Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kununua kompaundi yoyote, ile dawa ya kusugulia inayokata uso wa rangi, ni hili: rangi hii ina klia, yaani tabaka la juu linaloonyesha kama kioo, au haina? Chukua kitambaa cheupe, kompaundi kidogo, sugua mahali padogo pa siri. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, nyekundu au buluu, basi ni rangi ya tabaka moja, na chaki unayoiona ni uso wake tu uliokufa. Kwa gari jeupe kitambaa hakisemi mengi, kwa hiyo tumia kompaundi yenye rangi au sugua kwa kitambaa cheusi. Kisipotoka rangi, kuna klia juu. Rangi solidi, zisizo na chembe za kumetameta, nyeupe na nyekundu za magari ya zamani mara nyingi hazina klia. Metaliki, zenye chembe hizo, karibu zote zinayo.

Rangi ya tabaka moja ina huruma. Nyekundu iliyogeuka ya waridi inaweza kurudi mpaka mtu asiamini ni gari lile lile. Klia haina huruma hiyo. Unene wote wa rangi ya kiwandani ni kama maikroni 100 hadi 140 (maikroni 1000 ni milimita moja), na klia ndani yake ni 35 hadi 50 tu. Kila ukikata kwa kompaundi unaondoa sehemu, na kinga ya jua inaondoka pamoja nayo. Klia ikishaanza kubanduka, yenye kingo nyeupe zinazonyanyuka, hakuna polishi itakayoirudisha. Mashine itazidi kuinyanyua. Utaikuta juu ya paa na boneti kwanza, na hilo lina sababu: tuko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba, na bati lililolala ndilo linalopokea yote.

Osha gari kwa ndoo mbili za lita 20, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Ukichovya kitambaa chenye mchanga kwenye sabuni ileile, unachora rangi unayotaka kuiokoa. Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Suuza kwa kuanzia juu, na usisahau mikunjo ya milango na mifereji ya paa, hasa kama gari limebeba salfa ya mikorosho. Unga ule wa njano ukibaki kwenye mikunjo na ukapata unyevu, unakula chuma. Matone ya saruji yaliyoganda, ambayo magari yanayozunguka na malori ya saruji huyapata, yasikwanguliwe. Lowesha kwa siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika chache, lainisha, suuza vizuri, rudia. Utomvu ulioganda unalainishwa kwa spiriti kwenye pamba, mguso mfupi mfupi, na sehemu hiyo huoshwa papo hapo.

Kisha pitisha kiganja kilichovikwa nailoni nyembamba juu ya boneti safi. Ukihisi chembechembe, kuna uchafu uliozama, na unatolewa kwa udongo maalumu wa magari, uliolainishwa kwa maji ya sabuni. Ukidondoka chini, utupe. Mchanga mmoja ndani yake unatosha kuharibu mlango.

Ziba kwa tepu ya karatasi kingo zote: kona za boneti, mistari mikali ya milango, ukingo wa madigadi. Rangi huwa nyembamba pale, na mashine huila haraka mpaka praima itokee. Kisha fanya jaribio kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40 tu, na polishi laini kuliko zote ulizonazo. Ikitosha, usitumie kali zaidi. Nimeona mafundi wengi wakianza na kompaundi kali na msasa wa 1500 kwa sababu matokeo yanaonekana mapema, na ndiyo njia ya kumaliza rangi ya miaka thelathini ndani ya saa moja.

Kwa rangi ya tabaka moja iliyokauka sana, kuna hatua ambayo wengi wanairuka. Kabla ya kukata chochote, paka polishi yenye mafuta mengi isiyo na chembe za kukatia, paka nene kwa kitambaa cha pamba, ukisugua taratibu, kisha iache usiku kucha ndani ya banda. Asubuhi futa. Rangi iliyokauka hunywa mafuta yale, rangi yenyewe inakolea, na haipasuki wala kukauka haraka unapoikata. Wakati mwingine baada ya hatua hii unakuta kukata kunakohitajika ni kidogo sana.

Halafu kompaundi. Kwa mkono inawezekana kwa paneli moja moja, ila inachosha. Kwa mashine ya kuzunguka, weka mizunguko 1200 hadi 1500 kwa dakika, pedi iwe ya sponji, si ya manyoya, na isisimame mahali pamoja. Weka matone manne ya ukubwa wa punje ya dengu kwenye pedi, sambaza kwa mwendo wa polepole, kisha pita mara nne hadi sita kwa misalaba, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Gusa rangi kwa nyuma ya kiganja: ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, punguza. Pedi itajaa rangi iliyokufa haraka, isafishe kila paneli, la sivyo unasugua uchafu kwa uchafu. Kompaundi nyingine zinataka maji na nyingine zinakataa, soma kopo.

Metaliki yenye klia iliyopauka kidogo inataka polishi laini tu, si zaidi ya kupita mara mbili tatu. Mikwaruzo inayokwama kucha ya kidole iache, kuikata mpaka iishe ni kutafuta praima.

Mwishoni paka nta au kinga ya kutengenezwa (sealant), siku hiyohiyo, kwa sababu rangi iliyokatwa haina ulinzi wowote. Nta ya kanauba, ile inayotokana na mmea, inapendeza zaidi kwa macho, hasa kwenye nyekundu na nyeusi, lakini kwa jua hili haidumu. Kinga ya kutengenezwa inakaa muda mrefu zaidi, na kwa gari linalolala nje karibu na bahari ningechagua hiyo bila kusita. Paka nyembamba. Nta nene haizidishi kinga, inazidisha kazi ya kufuta.

Paneli ambayo klia imeshabanduka ipelekwe kwa fundi, lakini hiyo peke yake, si gari zima. Mwambie asipige msasa hadi bati pale ambapo praima ya kiwandani bado imeshika, na bati likifunguka lipakwe praima siku hiyohiyo kabla ya umande wa jioni. Kompresa imwagwe maji kabla ya kuanza.

Baada ya hapo osha gari kila wiki kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mara moja zaidi kila ukitoka ufukweni, ukisuuza na chini. Fungua milango uangalie matundu madogo ya kutolea maji chini yake. Pitisha waya mwembamba wa plastiki mpaka maji yaliyofungiwa yatoke. Milango mingi inayooza Mtwara na Lindi inaozea ndani, kwenye sentimita mbili za chini, huku rangi ya nje ikiwa bado nzima.